Mdomo Usiachwe Wazi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, mtaa mzima unamjua kwa jina la Todavia, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimuuliza kama ameshakula, anakujibu, "Todavía," yaani bado, kwa Kispania chake. Ukimuuliza kama seremala ameleta kabati lake, "Todavía." Watoto wa jirani walikuwa wakimvizia kwenye kona ya duka wampigie kelele, "Shangazi, umeolewa?" ili tu asimame, ashike kiuno, awajibu kwa ile sauti yake ya kwenye runinga, "Todavía, wanangu, todavía!" Basi watacheka mpaka wakae chini. Nami nilikuwa nacheka nao. Siku hizi likitajwa neno hilo uso unaniwaka, na aliyelitamka kwanza ndiye unayemwaka zaidi.

Kazi yake ni sauti. Hizi tamthilia za Kispania zinazooneshwa jioni, zenye majumba meupe na wanawake wanaolala na hereni, wanazungumza Kiswahili kwa sababu kuna watu wamekaa mahali wakawatia hicho Kiswahili mdomoni. Yule mama tajiri mwenye hila, anayezungusha bilauri ya mvinyo huku akipanga namna ya kumfukuza mke wa mwanawe, ni wifi yangu. Sauti ile inatoka kwa mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, amevua viatu, na taulo shingoni.

Niliwahi kumpelekea chakula kazini, nikaona. Ni chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya magari. Kuta zimebandikwa vipande vya magodoro, dirisha limezibwa kwa blanketi, na feni ipo lakini haiwashwi, kwa sababu kipaza sauti kinaudaka mvumo wake. Wanatoka humo wamelowa kama waliovuka mto. Mwalimu, mzee mpole aliyesomea Kispania ng'ambo na aliyekijua kwelikweli, ndiye anayetafsiri kipindi na kuandika Kiswahili chake. Wifi anasoma maneno hayo akiwa ameukazia macho mdomo wa mwigizaji kwenye kioo.

Sasa huko kwao kuna kanuni moja iliyo juu ya kanuni zote: mdomo wa mtu usiachwe wazi. Kispania kinaweza kuwa kirefu na Kiswahili chake kikaisha mapema, na pale mama tajiri atabaki anachezesha midomo bila sauti, watazamaji wacheke. Kwa hiyo mtia sauti lazima ajaze. Wenyewe wanaita hivyohivyo, kujaza. Unaongeza "ewe usiye na haya," unaongeza "na Mungu anakuona," unaongeza chochote kinachofanana na shari ya mahali pale, mpaka mdomo ufunge. Wifi yangu alikuwa bingwa. Fundi mitambo wao alisema huyu mama ukimpa kiboko anayepiga miayo, atamjazia mpaka amalize.

Kispania chenyewe hakukijua. Hilo ndilo jambo ambalo sisi wote tungepaswa kulijua na hakuna aliyelijua. Maneno yote yalikuwa yanamfikia yameshakuwa Kiswahili. Ila hilo todavía lilikuwa linajirudia kila kipindi, kila anayelia analo na kila anayetishia analo, mpaka siku moja akamuuliza Mwalimu ni kitu gani. Mwalimu akamweleza kwamba ni bado. Jambo lilikuwepo na halijaisha: bado nampenda, bado naumwa, hapo ni todavía. Na kama ni jambo linalongojwa na halijafika, unaongeza "no" nyuma yake, todavía no, usije ukaisahau. Wifi akaliokota hilo neno, na hiyo "no" akaiacha palepale mezani kwa Mwalimu, maana aliona inaharibu utamu. Akalileta mtaani. Kwa neno moja akawa mjuzi wa lugha nzima, na debe likaanza kuvuma.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, aliolewa huko huko wanakozungumza Kispania. Alikwenda kusoma, akapata mwenzake, wakafunga ndoa ofisini, sisi tukaona picha. Sikunung'unika sana. Lakini mwaka uliopita alipoteza mimba, na ilikuwa imeshakua, mtoto ameshaanza kucheza. Mimi nilikuwa huku. Nikipiga simu ananiambia, "Nipo sawa, mama, usijali." Mtoto niliyemzaa nitashindwaje kujua kwamba hayupo sawa? Kitu kimoja kilininyima usingizi tangu siku ile: nani alikuwa pembeni ya kitanda chake? Nani alimshika mkono? Au alilala peke yake akitazama ukuta, na watu wa mumewe wakipita mlangoni? Kumuuliza mwenyewe sikuthubutu, nisije nikakitonesha kidonda.

Kwa hiyo tuliposikia wanakuja, yeye na mumewe na mama yake mumewe, nilijiapiza kwamba swali hilo nitamuuliza mkwe mwenzangu ana kwa ana. Macho hayadanganyi, nilisema. Mume wangu akapendekeza tumwombe Mwalimu aje atutafsirie. Wifi alikuwepo. Alisonya mpaka paka akaamka.

"Mwalimu wa nini?" akasema. "Yaani mambo ya ndani ya familia mkamweleze mtu baki, na mimi shangazi yake mtoto nipo? Miaka yote hii nimekaa ndani ya Kispania, mnaona nilikuwa nauza nyanya?"

"Dada, una uhakika?" mume wangu akamuuliza.

"Kaka, usinivunjie heshima."

Basi yakaisha. Nasema yaliisha, lakini niliona jambo: baada ya kusema hivyo aliomba maji ya kunywa, akayanywa yote kwa pumzi moja. Nikadhani ni pilipili.

Siku yenyewe walifika mchana, wamechoka, na sanduku lao moja limebaki uwanja wa ndege. Binti yangu alinikumbatia mlangoni, amekonda, nikahisi mifupa yake kwenye viganja vyangu. Wakasema wao wawili wanarudi kulifuata sanduku, hawatakawia, mama apumzike. Mume wangu akawapeleka. Tukabaki wanawake watatu sebuleni: mimi, wifi, na mkwe.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba wa miguu, nywele za mvi amezifunga kwa kibanio cha kawaida kabisa. Hakuvaa hereni hata moja. Alikumbatia kifurushi cha karatasi, hataki kukiweka chini. Wifi yangu alikuwa amevaa gauni lake la kwendea harusini na kujipulizia manukato kana kwamba ndiye anayechumbiwa. Akamwinamia mgeni, "Señora! Bienvenida!" Mgeni uso ukamchanua, akamwaga maneno.

"Anasema amefurahi," wifi akaniambia. "Anasema nyumba yako ina hewa nzuri, na mapazia ameyapenda."

Nikamshukuru. Mgeni akatazama huku na huku, akaelekeza kidole kwenye korido, akasema kitu kifupi, kwa adabu.

"Anasifu korido," wifi akasema. "Ni ndefu."

Sijawahi kusikia mtu akisifu korido, lakini wageni wana mambo yao. Nikamwongezea mkwe wangu juisi. Akainywa nusu, akakunja mguu juu ya mguu, akasema tena kile kitu kifupi. Wifi akatikisa kichwa kwa furaha, "Sí, sí, gracias," na mgeni akanyamaza, akakunja miguu zaidi.

Hapo nikaona wakati ndio huu, kabla wanaume hawajarudi. Nikavuta kiti, nikamshika mkwe wangu mkono.

"Wifi, muulize hivi," nikasema. "Mwanangu alipompoteza mtoto, nani alikuwa naye? Niambie ukweli, mimi ni mama. Muulize hivyo, usipunguze."

Niliona wifi amemeza mate. Angesema pale, "Wifi yangu, hili siliwezi, tumsubiri mtoto arudi," ningemheshimu mpaka leo. Badala yake akajinyoosha, akasema maneno ya kwake, nikasikia "hija," yaani binti, nikasikia "bebé," yaani mtoto mchanga, na akalishika tumbo lake akatikisa kichwa kwa huzuni. Mimi sina la kukanusha, ishara ile ilifika. Mgeni alielewa tunazungumzia nini.

Akaniangalia mimi, si yeye. Akaanza kusema polepole, kisha haraka, na machozi yakamtoka bila kuyafuta. Alikuwa amenishika mkono na mkono wake wa pili umekandamiza kile kifurushi kifuani. Alisema kwa muda mrefu. Na kila baada ya maneno machache nilisikia lile neno letu, todavía, na tena todavía, na bebé, na todavía.

Nikamgeukia wifi. Alikuwa ameukazia macho mdomo wa yule mama, kama nilivyomuona siku ile kule juu ya duka la vipuri.

"Anasemaje?"

"Anasema..." Akatazama dari. Kisha ile sauti ikamjia, sauti ya bilauri ya mvinyo, nadhani bila hata mwenyewe kujua. "Anasema bado anasubiri mjukuu. Anasema mwanawe ni mtoto wake wa pekee na mpaka leo bado, bado, mwanao hajampa mtoto. Anasema analia kila usiku kwa sababu ukoo wake unataka kuzimika, na Mungu anaona."

Nilihisi damu imenipanda mpaka masikioni. Nilimtazama yule mwanamke machoni, na nakiri kwamba macho yale hayakufanana hata kidogo na maneno niliyoyasikia. Lakini nani angebishana na Kispania cha Todavia? Kwenye tamthilia nao wakwe wanalia vizuri tu.

"Mwambie mwanangu hakwenda kwao kuwa kiwanda," nikasema. "Mwambie aliyekosa mtoto ni mwanangu, si yeye."

Wifi akafungua mdomo, akasema, "Señora, todavía... todavía..." kisha akanyamaza. Haikuwa lazima atafsiri. Mgeni alikuwa amenyoosha kile kifurushi kunipa, na mimi nikakisukuma kwa kiganja, kikamrudia mapajani. Nikaingia jikoni, nikafungua bomba, nikaosha vyombo visafi.

Nilipochungulia, mkwe alikuwa ameshatoka barazani. Amekaa peke yake kwenye ngazi, kifurushi magotini, miguu ameibana. Wifi alikuwa bado sebuleni, ananyoosha vitambaa vya makochi ambavyo tayari vilikuwa vimenyooka.

Gari likarudi. Binti yangu alishuka, akamuona mama mkwe wake kwenye ngazi, akaongea naye, na mara nikamuona anamshika mkono anamvuta ndani mbio, wanapita sebuleni, wanashika ile korido ndefu. Mlango wa choo ukafungwa.

"Mama!" binti yangu akarudi, amekasirika. "Mgeni anaomba choo mara mbili hamumpeleki? Anasema ameomba, shangazi akamwambia ndiyo, asante!"

Nikamtazama wifi. Wifi akatazama vitambaa.

Ningecheka. Siku nyingine yoyote ningecheka mpaka mbavu ziume. Lakini kama korido haikuwa korido, basi na yale mengine je?

Mkwe alipotoka nikamwambia binti yangu amwombe arudie alichoniambia. Binti yangu akauliza kwa nini. Nikamwambia, muombe tu. Wanaume wakasimama mlangoni na sanduku lao. Yule mama akasita, akanitazama kama anayeogopa kupigwa, kisha akasema tena, mafupi zaidi. Binti yangu alianza kutafsiri kwa sauti ya kawaida, na sauti ikamkatikia katikati, akaendelea hivyohivyo.

"Anasema alikuwa na mimi. Siku zote zile alilala kwenye kiti pembeni yangu, hakurudi nyumbani. Ni kweli, mama. Ndiye aliyenishika. Anasema alikuwa anamfumia mtoto blanketi, na lilikuwa limefika nusu. Anasema mpaka leo bado lina sindano zake. Bado hajaweza kulimalizia, na bado hajaweza kulifumua. Bado anasikia uchungu akiliona. Anasema mtoto yule alikuwa na bibi wawili, haki ya kuamua si yake peke yake, kwa hiyo amekuja nalo, akuulize wewe."

Mume wangu aliweka sanduku chini.

"Kwani shangazi alisema nini?" binti yangu akauliza.

Sikuweza kuyarudia maneno yale mbele ya mtoto wangu. Nilimtazama wifi ayaseme mwenyewe. Mwanamke anayemjazia mdomo kila malkia wa tamthilia alisimama katikati ya sebule yangu na gauni lake la harusini, na mdomo wake ulikuwa wazi.

"Shangazi, ulisikia nini?"

"Nilisikia bebé," akasema. Sauti haikuwa ya runinga. Ilikuwa ndogo, ya kwake, nilikuwa nimeisahau. "Nikasikia todavía."

"Na mengine?"

"Mengine nilijaza."

Akachukua mkoba wake akatokea mlango wa nyuma, akipita kwenye kamba za nguo ameinamisha kichwa, asionekane na watoto wa kona ya duka. Lakini watoto hawakosi. Nilisikia, "Shangazi, umeolewa?" na sikusikia jibu.

Mimi nilipiga magoti pale sakafuni mbele ya mkwe wangu. Uso umeumbwa na haya, na wangu ulikuwa umeipata yake yote siku ile. Nilisema samahani kwa Kiswahili, sikumtaka mtoto atafsiri. Mkwe akanikalisha karibu yake, akaifungua ile karatasi. Blanketi lilikuwa rangi ya maziwa. Sindano mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye mstari wa mwisho, pale mkono uliposimama.

Kesho yake wifi hakuonekana asubuhi. Nilijua ana kazi. Mwalimu ndiye aliyenisimulia baadaye yaliyotokea huko kazini: kulikuwa na kipande cha mama tajiri anasema maneno mengi, Kiswahili kikaisha, mdomo wa mama tajiri ukaendelea, na wifi akanyamaza kimya. Fundi mitambo akarudisha nyuma. Akanyamaza tena. "Jaza!" fundi akapiga kelele. "Dada, jaza!" Wifi akavua visikilizio vya masikioni, akavaa viatu, akamwambia Mwalimu, "Twende nyumbani kwa kaka yangu. Nakuomba."

Walifika jioni, sote tupo sebuleni. Alivaa kanga ya kawaida. Hakumsalimia mtu kwa Kispania. Hakukaa kwenye kochi, alivuta kigoda cha jikoni akakaa mbele ya mkwe, na Mwalimu akasimama nyuma yake, haya imemjaa kuliko hata mwenye kosa.

"Mwalimu," akasema, "nitasema maneno machache. Uyaseme hivyohivyo. Ukiona ni mafupi yaache mafupi. Usijaze."

Mwalimu akaitikia.

"Mwambie sijui lugha yake. Sijawahi kuijua. Niliona aibu kusema, nikamtia mdomoni maneno ambayo si yake, na yalikuwa mabaya. Mwambie basi."

Mwalimu akasema. Kweli yalikuwa mafupi. Binti yangu alinitazama akatikisa kichwa, maana yake hakuongeza wala hakupunguza. Mkwe alisikiliza, akamtazama wifi kwa muda, na wifi hakuinua macho kutoka kwenye mikono yake mwenyewe. Nilikuwa na hasira naye bado, sitaki kusema uongo. Lakini nilitamani mtu amwambie chochote, maana kimya kile kilikuwa kinamchuna ngozi.

Mkwe aliinama, akalichukua blanketi kutoka pembeni yake. Tulikuwa tumeshakubaliana sisi wawili, asubuhi ile, binti yangu akitutafsiria, kwamba halitafumuliwa. Litamaliziwa, likae kwangu. Tatizo ni kwamba mimi na sindano hatujuani, na macho ya mkwe hayaoni vizuri jioni. Akalinyoosha kwa wifi na kuuliza kitu.

"Anauliza," Mwalimu akasema, "kama unajua kufuma."

Tulimuona sote. Kifua kilipanda, shingo ikanyooka, mdomo ukafunguka. Mume wangu alifumba macho. Mimi mwenyewe nililisikia jibu kabla halijatoka: mimi? miaka yote hii?

Wifi yangu akalitazama lile blanketi, pale sindano ziliposimama.

"Todavía no," akasema.

Mwalimu hakutafsiri. Mkwe akasogea kwenye kochi, akampigia nafasi ile tupu kwa kiganja, na Todavia akainuka kwenye kigoda akaenda kukaa pale, mikono wazi mapajani, akisubiri kuoneshwa.